Mwaka Baba Aliposhika Mwiko

Nyumba za wafanyakazi wa reli zilibomolewa mwaka jana, na Unyoya alipopata habari alikwenda kujionea kwa macho yake. Hakumwambia mtu. Alivuka barabara mpya ya lami, akapita penye mlundo wa vifusi, akasimama mahali palipokuwa na mlango wa jiko lao. Kuta hazikuwapo tena, na matofali yalikuwa yameshachukuliwa na wenye haja nayo. Lakini sakafu ilibaki, ile sakafu ya saruji nyekundu ambayo baba yake alikuwa akiipiga rangi kila mwisho wa mwaka, na majani yalianza kuchungulia kwenye nyufa. Angeweza kuonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na meza, hapa jiko la mafuta ya taa, hapa benchi alilokuwa akinyooshea mguu, na pale dirisha ambalo moshi wa injini uliingia kila asubuhi na kuacha masizi kwenye pazia. Alikaa hapo mpaka mlinzi wa kiwanja akamwuliza, mama, umepoteza nini? Akamjibu kwamba hajapoteza kitu, amepita kusalimia tu.

Wengi wanaomfahamu leo wanamjua kama yule mama wa dirisha la tiketi, aliyekaa pale stesheni mpaka nywele zikaota mvi, mwenye ulimi wa haraka na asiyependa abiria wanaosukumana. Hawajui kwamba zamani, kabla hajafikisha hata miaka ishirini na mbili, hapakuwa na msichana katika timu zote za mashirika aliyeweza kumfuata mbio ndefu akamaliza bila kutema povu. Hata hilo jina la Unyoya wanadhani ni la utani wa nyumbani. Kumbe alipewa kwenye mizani.

Kocha wa timu ya reli alikuwa karani wa vifurushi. Kazi yake ilikuwa kupokea masanduku, mafurushi na baiskeli za watu, kuzipima na kuzibandika karatasi, na jioni alivua koti la kazi akawa kocha. Kila Jumatatu, kabla ya mazoezi, aliwapanga wasichana wake kwenye chumba cha vifurushi, akawapandisha mmoja mmoja juu ya mizani ileile ya mizigo, na kusoma uzito kwa sauti kama anayetangaza treni inayoingia. Siku ambayo mshale haukusogea sana, alimtazama huyu binti wa dereva wa treni akasema huyu si mtu, huyu ni unyoya. Wenzake walipiga makofi. Aliyemfuata kupanda alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi mwenye mapaja ya nguvu na kicheko kikubwa. Mizani ilipogonga, Kocha akasema na huyu ni tanki. Wakacheka tena. Tangu siku ile mmoja akawa Unyoya na mwingine akawa Tanki, na majina hayo yakawaganda kama rangi.

Kocha hakuwa mtu mbaya, na Unyoya hakubali hadi leo mtu amseme vibaya. Kocha mwenyewe alikimbia ujanani akiwa na njaa, akashinda, na katika akili yake njaa na ushindi vilifungwa kifurushi kimoja. Alipowaambia wasichana kwamba mwenye mzigo mwepesi hufika mapema, aliamini kila neno.

Naye Unyoya aliamini kuliko wote. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba yake. Mama alifariki wakati yeye bado yuko shule ya msingi. Baba alikuwa dereva wa treni ya haraka, ile ya abiria inayopita stesheni ndogo bila kusimama, na kazi hiyo ilimtoa nyumbani siku mbili na kumrudisha moja. Kwa hiyo kumdanganya hakukuwa kazi. Akiuliza kama amekula, binti alisema amekula kantini. Kantini wakimwuliza, alisema anakwenda kula nyumbani. Akipakuliwa kwa lazima, sahani alimsogezea Tanki, ambaye hakuwa mtu wa kukataa. Akabaki na chai ya rangi asubuhi, kipande cha mkate mchana, na usiku chochote kile alichoona hakitasogeza mshale.

Mwanzoni aliruka kweli. Alishinda huku, akashinda kule, picha yake ikatoka gazetini, na baba yake akaikata akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Lakini kadiri siku zilivyokwenda mwili ulianza kumgomea. Alihisi baridi wakati wenzake wanatoa jasho. Nywele zilibaki kwenye kitana. Siku zake za mwezi zilipungua, zikapotelea mbali, naye akashukuru kimoyomoyo kwamba usumbufu mmoja umemwondokea. Kisha yakaanza maumivu kwenye muundi wa mguu wa kulia, mahali padogo ambapo ungeweza kuweka ncha ya kidole. Alipafunga bendeji akakaza meno. Tanki alimwona akichechemea akamwambia apumzike, akajibiwa kwamba atapumzika akizeeka.

Mguu ulivunjika kwenye mashindano, upande wa mbali wa uwanja, wakati akiwa wa kwanza. Hakukanyaga shimo wala hakugongwa na mtu. Alisikia tu kitu kama ukuni mkavu, mguu ukakataa kumbeba, na akajikuta amelala kwenye vumbi akitazama wenzake wanavyompita.

Hospitali walimfunga plasta kuanzia chini ya goti. Daktari wa mifupa, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi, alimwambia atulie nyumbani, kijana kama yeye mfupa wake utashika haraka. Wakati wa kuifungua plasta ulipofika, picha ilionyesha ufa uleule, kama vile mguu ulipigwa picha jana yake. Akafungwa tena. Wakafungua tena. Safari hii daktari aliiinua picha mbele ya dirisha, akaitazama muda mrefu, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, mimi nimefanya yangu na mfupa haushiki," alisema. "Ukinificha umri wa mwenye picha hii nitasema ni bibi kizee. Nendeni chumba cha lishe, mwishoni mwa ukumbi."

Chumba cha lishe kilikuwa stoo ya zamani ya plasta, na bado kulikuwa na unga mweupe kwenye pembe za sakafu. Ndani alikaa dada mmoja aliyetoka chuoni karibuni, mwenye sauti ndogo na miwani iliyokuwa ikimshuka puani kila alipoinama. Baba aliingia ameshika kofia yake ya kazi mkononi, kama anayeingia ofisini kwa mkubwa. Dada wa lishe alimwuliza Unyoya jana alikula nini. Unyoya akaanza kupanga: wali, maharage, yai, matunda. Dada akamgeukia baba kuthibitisha, na baba akasema ukweli, kwamba jana alikuwa safarini, na juzi pia.

Hapo yule dada akamwomba baba amsaidie kutafuta maji ya kunywa, na alipotoka akafunga mlango. Akamwuliza Unyoya swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza, si kocha, si baba, si daktari: mara ya mwisho kuziona siku zake ilikuwa lini? Unyoya alitazama sakafu. Alijaribu kukumbuka, akashindwa, na kwa kushindwa huko machozi yakamtoka.

"Sikiliza, mdogo wangu," dada akasema. "Chakula kidogo unachokula kinaishia kwenye mbio. Hakibaki cha damu, hakibaki cha nywele, hakibaki cha mfupa. Mfupa si jiwe, ni kitu kilicho hai, kila siku unabomoka kidogo na kujijenga. Wako unabomoka tu. Daktari anaweza kuufunga, lakini wa kuujenga ni wewe, na hutaujenga kwa chai ya rangi."

Baba aliporudi na maji, dada alimweleza kinachotakiwa. Msichana ale mara tatu kwa siku na katikati apate kitu. Apate maziwa au mtindi kila siku, dagaa waliwe na mifupa yao, mayai, maharage, karanga, mboga za majani mabichi na machungwa. Akae juani asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi. Na zaidi ya vyote, ashibe. Baba alisikiliza amesimama wima, kisha akayarudia yote neno kwa neno, jinsi dereva anavyorudia maagizo kabla ya kuondoa treni.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani mchana, wakati ambao siku ya kazi hakuwahi kuonekana nyumbani. Alisema amepangiwa kazi ya yadi, ya kupanga mabehewa kwa ile injini ndogo, kwa hiyo sasa atakuwa akirudi asubuhi, mchana na jioni. Alisema hivyo huku akitundika kofia, kama mtu anayesema mvua imekatika. Kisha akavaa aproni ya marehemu mkewe, ambayo ilimkaa kifuani kama kitambaa cha mtoto, akashika mwiko.

Hakujua kupika. Wali wake ulikuwa ama uji ama changarawe. Uji wenyewe ulikuwa na mabonge ambayo Unyoya aliyaita mabehewa. Mara ya kwanza alipokaanga dagaa, jirani, mke wa fundi wa mataruma ya reli, alikuja mbio akidhani nyumba inaungua. Ndiye aliyemfundisha. Alisimama mlangoni mikono kiunoni, akamwelekeza kuchambua maharage, kuyaloweka, kuacha kufunuafunua sufuria. Baba alimtii kama mwanafunzi. Alipojua kupika kidogo akageuka mkali wa saa: alizoea ratiba, na chakula kwake kikawa treni. Angetokea mlangoni na bakuli na kutangaza kwamba uji umewasili. Maharage yakichelewa kuiva, aliomba radhi kwa abiria.

Unyoya alicheka, lakini kula hakula. Hofu ilikuwa imeota mizizi. Kila kijiko alikiona kwenye mizani, alisikia sauti ya Kocha ikisoma namba. Alikuwa akisubiri baba ageuke kuzima jiko, anatumbukiza yai kwenye kitambaa, na baadaye analirusha nje kupitia dirishani. Dagaa walifuata njia hiyo, na mtindi mwingine ulikwenda kwenye chungu cha maua. Mambo yakaharibiwa na paka. Jirani alikuwa na paka wa kijivu, kiumbe mkondefu tangu azaliwe, ambaye ghafla alianza kunenepa mpaka akawa haingii kwenye tundu la ukuta. Jirani akamsimulia baba kwa mshangao, kwamba sijui huyu mnyama anakula wapi, maana ndani mwake hapewi kitu. Siku ya pili baba alirudi kutoka yadi kabla ya muda wake, akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta paka amekaa chini ya dirisha, anangoja kama abiria mwenye tiketi.

Unyoya alipomwona amesimama pale na ganda la yai mkononi, alijiandaa kwa makaripio. Hayakuja. Baba aliingia ndani, akavuta kiti, akakaa mkabala naye. Muda mrefu alikuwa akifuta mikono yake kwenye suruali ya kazi ingawa haikuwa na kitu.

"Mama yako nilimlisha siku zake za mwisho," alisema. "Hukujua, ulikuwa mdogo. Alitaka kula akashindwa. Kila kijiko aliomba msamaha kwamba hakiendi. Wewe kinaenda, ila hutaki. Mwanangu, nisaidie kuelewa, maana mimi peke yangu nimeshindwa."

Maneno yakamtoka Unyoya bila kuyapanga. "Naogopa, Baba. Nikinenepa sitakuwa mtu."

"Utakuwa nani?"

"Sijui."

Baba alitafakari jibu hilo kwa uzito wote. Alikuwa mtu ambaye miaka na miaka alikuwa akiendesha treni gizani akiona mita chache tu za reli mbele yake, na labda ndiyo maana hakumwambia kwamba hakuna cha kuogopa. Aliinuka, akachukua sahani mbili, akapakua sawa kwa sawa.

"Basi tule tukiogopa," akasema.

Toka siku hiyo alikula naye. Kijiko kwa kijiko, yai kwa yai, glasi ya maziwa kwa glasi ya maziwa. Hakumtazama mdomoni wala hakumhesabia. Alisimulia habari za yadi: behewa lililogoma, kuku waliotoroka kwenye tenga wakajaa kwenye ofisi ya mkuu wa stesheni, mhandisi mpya asiyejua mbele na nyuma ya injini. Kulikuwa na siku Unyoya alimaliza sahani bila kujua, kwa sababu ya kusubiri mwisho wa hadithi. Na kulikuwa na siku alikwama katikati, akalia, na baba akakaa naye mpaka chakula kikapoa, wakakipasha, wakaanza upya. Baba mwenyewe, ambaye hakuwa na mguu wa kuunga, akaota kitambi. Vifungo vya koti la kazi vikaanza kumtoroka kimoja kimoja.

Asubuhi alimtoa nje kwenye benchi, miguu juani, plasta nyeupe ikiwaka. Watu wakipita kwenda karakana walimsalimia. Tanki alikuja kila alipopata nafasi, akakaa ubavuni mwake, akala sehemu yake bila kukaribishwa mara mbili, na kumletea habari za timu. Unyoya akagundua jambo ambalo hakuwahi kuliona wakati wa kukimbia: kwamba rafiki yake alikula kwa furaha, kama anayeimba, na mifupa yake haikuwahi kumsumbua hata mara moja. Akamwambia samahani kwa siku ile waliyocheka kwenye mizani. Tanki akasema hakumbuki siku kama hiyo, ampe chumvi.

Kocha naye alikuja, Jumapili moja, na mfuko wa machungwa. Alibaki mlangoni bila kujua aweke wapi miguu yake. Baba angeweza kumwambia mengi, na Unyoya aliona taya yake ikicheza. Badala yake alimvutia kiti akamwambia chakula kiko mezani. Wakala watu watatu. Ilikuwa siku mbaya kwa Unyoya. Alikata tonge, akalirudisha sahanini, akalikata tena, na hakuwa na pa kujificha. Kocha aliona yote. Hakuna aliyemweleza kitu. Wakati wa kuaga alisimama nje, akavua kofia, akaivaa, akasema alidhani anawasaidia. Baba akajibu kwamba anajua.

Tanki ndiye aliyeleta habari ya kilichofuata. Jumatatu hiyo Kocha aliwapima kama kawaida, lakini hakusoma kwa sauti. Baada ya wiki kadhaa aliacha kuwapima kabisa, na badala yake akaanza kuwauliza wasichana, kwa haya kubwa na akitazama pembeni, kama wamekula mchana.

Plasta ilipofunguliwa mara ya tatu, daktari aliinua picha dirishani kama zamani. Mahali pa ufa palikuwa na uvimbe mweupe, mnene, kama fundo kwenye mwanzi. Daktari akatoka na picha mkononi, akaenda mwishoni mwa ukumbi, akarudi amefuatana na yule dada wa lishe, akamwonyesha. Dada alisukuma miwani yake juu, akatabasamu. Unyoya akamvuta kando akamnong'oneza kwamba siku zake pia zimerudi. Dada alipiga kofi moja la furaha, kisha akaangalia huku na huku kama kuna mtu amemwona.

Kurudi kukimbia kulikuwa kwa polepole. Alianza na fimbo, akatembea kando ya reli mpaka kwenye taa ya ishara na kurudi, baadaye bila fimbo, baadaye akichanganya na hatua za kukimbia. Mwili ulikuwa mpya na mara nyingine aliuchukia. Sketi hazikufunga, mashavu yalijaa kwenye kioo. Lakini asubuhi aliamka ana joto, na akipanda ngazi za stesheni hakushika ukuta.

Alikuwa ameshaanza kazi dirisha la tiketi alipojua habari ya baba yake. Siku moja dereva wa treni ya haraka, kijana aliyekuwa msaidizi wa baba kwenye injini, alipita dirishani kumsalimia na kuuliza hali ya mguu. Unyoya akamwuliza lini wanampangia baba kurudi njia kuu, maana mguu sasa umepona. Yule kijana akashangaa.

"Hakupangiwa yadi, dada. Aliomba mwenyewe," akasema. "Mkubwa alimkatalia mara mbili, akamwambia ukishuka huku nafasi yako atapewa mwingine na hutairudia. Akasema sawa. Mwingine mwenyewe ndiye mimi."

Unyoya alikaa na maneno hayo siku nzima, akitoa tiketi bila kuziona. Alikumbuka jinsi baba alivyokuwa akirudi kutoka safari ndefu, uso mweusi kwa moshi na macho yanang'aa, akisimulia daraja lile refu wakati wa jua kuchomoza, na namna injini inavyobadilika sauti ikianza kushuka bondeni. Hakuna dereva aliyeipenda njia kuu kuliko yeye. Na sasa alikuwa akisukuma mabehewa matupu mbele na nyuma, mbele na nyuma, ndani ya ukuta wa yadi.

Jioni alimkuta jikoni anakatakata mboga. Akamwambia ameshajua. Baba hakuacha kukata.

"Uliipenda ile treni, Baba."

"Niliipenda," baba akasema. "Sasa kaa tule."

Hawakulizungumza tena. Unyoya alitaka kumwomba msamaha, akaona itakuwa kama kumrudishia zawadi mkononi. Akakaa, akala, na akaongeza.

Alirudi mashindanoni msimu uliofuata, kwenye uwanja wa reli wenyewe, ule uliopakana na yadi kwa ukuta mfupi. Hakuwa Unyoya tena kwa kumtazama. Watu walinong'ona kwamba msichana wa dereva amejaza, hatafika popote. Mizunguko ya kwanza alibaki nyuma, akiogopa mguu, akiusikiliza kila unapogusa chini. Haukusema kitu. Katikati ya mbio akajikuta bado ana pumzi. Hilo lilimshangaza, kwa sababu siku za wepesi wake alikuwa akimaliza kwa roho tu, mwili ukiwa umeisha zamani. Safari hii mwili ulikuwepo. Akaanza kuwapita, mmoja hapa, wawili pale.

Alipoingia mzunguko wa mwisho ikasikika honi. Injini ndogo ya yadi ilikuwa imesimama karibu kabisa na ukuta, mahali isipostahili kusimama, na ilikuwa ikilia bila kukoma, uwanja mzima ukageuka kutazama. Unyoya hakuhitaji kugeuka. Alikimbia ndani ya mlio ule mpaka kwenye utepe. Alikuwa wa pili. Aliyemshinda alimshinda kwa kifua, na muda wake haukufikia ule wa zamani, lakini alimaliza amesimama, mikono juu, na akaweza kutembea mpaka ukutani.

Mkuu wa stesheni alimwita baba kujieleza, maana honi hailizwi ovyo. Baba akasema palikuwa na ng'ombe kwenye reli. Mkuu, ambaye alikuwa uwanjani na macho yake mawili, akamwuliza ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani. Baba akafikiri kidogo, akasema alikuwa anapita mbio sana, hakumwona vizuri. Akapewa onyo la mdomo na kikombe cha chai.

Unyoya alikimbia misimu mingine kadhaa, akashinda mbio chache na kushindwa nyingi, na akaacha kwa hiari yake alipopata mtoto wa kwanza. Mfupa ule haukumsumbua tena maishani. Baba alistaafu akiwa dereva wa yadi. Aliishi kuona wajukuu, akawapikia maharage ambayo kufikia wakati huo yalikuwa matamu kuliko ya mtu yeyote mtaani, na akafa kimya mchana mmoja wa masika, usingizini. Kocha alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Yule dada wa lishe alihamishwa mji mwingine, na Unyoya hakuwahi kumwona tena, jambo ambalo linamuuma zaidi kadiri umri unavyokwenda.

Aliyebaki ni Tanki. Naye sasa ana magoti mabovu; asubuhi viungo vinakaza kama mlango usiotiwa mafuta, na hospitali wamemwambia uzito upungue kidogo ili magoti yapumue. Mara ya kwanza alipotoka huko aliazimia kuacha kula, siku tatu maji matupu, amalizane na jambo hilo. Unyoya alipata hasira ambazo hakujua kama bado anazo. Akamwendea nyumbani, akamkalisha, akamwambia atapunguza sukari na mafuta, sawa, lakini mayai, maharage na mboga atakula, na atakula mbele yake, kwa sababu goti linabebwa na nyama ya paja na nyama haijengwi kwa maji. Tanki akasema kumbe umekuwa kocha. Unyoya akasema hapana, nimekuwa baba yangu.

Siku hizi hutembea pamoja asubuhi, kabla jua halijawa kali, wakizunguka uwanja wa zamani ambao sasa hauna hata mstari. Hutembea taratibu na kupumzika mara kwa mara, na mazungumzo yao ni ya wajukuu na watu waliokufa. Juzi Tanki alimwuliza kama angepewa kurudia mwaka mmoja tu wa maisha yake, angechagua upi. Bila shaka ule wa ushindi, akakisia, wa picha gazetini.

"Ule wa mguu," Unyoya akasema.

"Wa plasta?" Tanki akasimama kabisa. "Ule wa wewe kulia kila siku?"

"Huohuo."

Tanki alimtazama usoni kuona kama anatania. Kisha akamshika mkono, kwa sababu walikuwa wamefika penye mteremko na goti lake halipendi mteremko, wakashuka polepole wakiangalia wanapokanyaga.